Mpangaji Ameondoka, Moshi Wake Umebaki



Juma hili tunaomba mtuvumilie, kwa maana tunataka kuandika juu ya ukuta.

Kwaresima ilipokuwa imeanza tulialikwa kubariki chumba. Hatusemi nyumba, kwa kuwa familia ile changa, baba, mama na mtoto wa miezi minane, haina nyumba. Ina chumba kimoja kati ya sita katika nyumba ya zamani ya Kiswahili pale Kariakoo, moja ya zile chache ambazo bado hazijabomolewa kupisha maghorofa: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani kwa nyuma, na baraza mbele ambayo siku hizi imejaa meza za wachuuzi. Walikuwa wamekwisha kulipa kodi ya miezi sita, kama desturi ya mji huu inavyodai, na fedha ya dalali juu yake. Walikuwa na furaha, na sisi tukafurahi pamoja nao.

Tulipovuka kizingiti tulipokewa na harufu mbili zilizokuwa zikishindana. Moja ilikuwa ya udi, uliochomwa kwa wingi kuliko kawaida. Ya pili ilikuwa nzito na chungu, ile ambayo kila aliyewahi kuketi karibu na kisahani cha majivu ya sigara anaifahamu. Tukamwuliza baba wa familia kama anavuta. Akashangaa, hajavuta hata siku moja. Mama ndiye aliyetufumbulia.

"Ni ya mzee aliyetutangulia, Baba. Alihama kabla ya Krismasi."

Mzee huyo alikuwa fundi saa. Alikaa katika chumba hicho miaka kumi na moja, peke yake, akivuta kitandani usiku alipokosa usingizi. Alipoishiwa nguvu, binti yake alikuja kumchukua, naye akawaachia wageni wake kitanda na godoro bila kudai kitu. Mwenye nyumba, bibi mmoja mjane, alipaka chokaa mpya. Lakini mvua za kwanza za masika zilipoleta unyevu, michirizi ya rangi ya chai ilianza kutoka juu ya chokaa ile, kuanzia darini kushuka chini. Mama aliifuta kwa kitambaa chenye maji, akatuonyesha kitambaa. Kilikuwa cha kahawia.

Tukasali, tukanyunyiza maji ya baraka, tukanywa chai, tukaaga. Juu ya harufu ile hatukusema neno. Tulifikiri ni jambo la pua tu, nalo litapita. Hilo ndilo kosa letu, na ndilo lililotufanya tutafute kusoma, kisha tuwaandikie.

Tangu zamani tumezoea kuhesabu moshi wa sigara mara mbili: ule unaoingia kifuani mwa mvutaji, na ule anaouvuta aliyeketi jirani naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na zaidi ya milioni moja kati yao hawakuvuta wenyewe. Waliishi tu au walifanya kazi karibu na wavutaji. Hayo wengi wetu tumeyasikia. Lakini wataalamu wanahesabu pia moshi wa tatu, na jina hilo lilianza kusikika sana mwaka 2009, baada ya daktari wa watoto Jonathan Winickoff na wenzake wa Boston, Marekani, kuandika juu yake katika jarida la Pediatrics. Moshi wa tatu ni yale masalia yanayobaki sigara ikiisha kuzimwa na mvutaji akiisha kwenda zake.

Sigara ikizimwa, moshi wake hautoweki. Sehemu yake ni gesi, sehemu ni chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, nazo hutua na kunata penye kila kitu: ukuta, dari, pazia, godoro, chandarua, nguo zilizotundikwa msumarini, nywele, ngozi ya mikono. Nikotini hasa ni yenye kunata. Huzama ndani ya chokaa na ndani ya sponji kama mafuta ya taa yanavyozama katika mbao, kisha hutoka tena polepole na kurudi hewani, na joto huiharakisha. Joto la Dar es Salaam hatuhitaji kuwaeleza. Kufungua dirisha na kuwasha pangaboi husaidia moshi wa sigara inayowaka sasa hivi. Kwa kile kilichokwisha kuzama ukutani miaka kumi na moja, pangaboi halina uwezo.

Huko California, mtafiti Georg Matt na wenzake walifuatilia jambo hilihili la mpangaji kuondoka na mpangaji kuingia, wakachapisha matokeo yao mwaka 2011. Nyumba zilizoachwa na wavutaji zilisafishwa, zikakaa tupu kwa takriban miezi miwili, kisha wakahamia watu wasiovuta. Nikotini ilikutwa bado imo katika vumbi na juu ya kuta. Ilikutwa katika vidole vya wakazi wapya. Na dalili zake zilikutwa katika mkojo wa watoto wao. Tuliposoma hapo tulikifikiria kile kitambaa cha kahawia.

Pana jambo jingine ambalo tulilisoma mara mbili ili tuwe na hakika kwamba tumelielewa. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, hukohuko California, walionyesha kwamba nikotini iliyonata ukutani haikai kimya. Ikikutana na asidi ya nitrasi iliyomo hewani, huzaa kemikali mpya ziitwazo nitrosamini, na baadhi ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Asidi hiyo hutoka wapi? Hutoka katika majiko ya gesi yasiyo na bomba la kutolea hewa chafu, na katika moshi wa magari. Sasa tazameni chumba cha Kariakoo: mtungi mdogo wa gesi nyuma ya mlango, kwa kuwa uani kuna foleni ya majiko, na dirisha linalotazama mtaa ambamo malori hushusha mizigo huku injini zikiunguruma. Ukuta wa fundi saa una kila unachohitaji ili uendelee kutengeneza sumu ambayo hata sigara yenyewe haikuiacha pale.

Na anayeupata zaidi ni yupi? Ni yule anayetambaa. Mtoto wa miezi minane huishi sakafuni. Hushika ukuta ajifunze kusimama, huuma pindo la pazia, hulamba mkono wake, hulala kifudifudi juu ya godoro. Anavuta hewa iliyo karibu na vumbi, na mwili wake ni mdogo mno kwa kile anachokimeza. Mtoto yule alikuwa na kikohozi tulipomwona. Hatusemi kwamba ukuta ndio uliomkohoza, maana watoto wa mjini hukohoa kwa sababu nyingi, nasi si matabibu. Tunasema tu kwamba hakuna mzazi ambaye angemlaza mwanawe pale kama angalijua.

Tuliposimulia habari hizi katika kikao cha viongozi wa jumuiya, mzee mmoja mwenye busara alitupinga, na tunamshukuru. "Baba Paroko," alisema, "Kariakoo kuna moshi wa mkaa, moshi wa malori, vumbi la ujenzi, mifereji iliyoziba. Wewe unatuletea moshi ambao hata haupo tena?" Hoja yake ina uzito. Wataalamu wenyewe wanakiri kwamba hawajahesabu ni wagonjwa wangapi wanaotokana na masalia haya peke yake. Walichokionyesha ni kwamba sumu zimo, kwamba zinadumu, na kwamba zinafika mwilini mwa mtoto. Sisi tunaona hayo yanatosha kuosha ukuta. Mkaa tunauhitaji ili tule, na malori yanaleta mchele. Masalia ya sigara hayampi mtu yeyote chochote, hata mvutaji mwenyewe.

Wapo akina baba ambao wakisoma hapa watajisikia salama, kwa kuwa wao huvutia nje. Tunawapongeza, na tunawaomba waendelee kuvutia nje mpaka siku watakapoacha kabisa. Hata hivyo wasidhani wameleta nyumba safi. Matt huyohuyo, mwaka 2004, alipima nyumba zenye watoto wachanga ambamo wazazi walijitahidi kuvutia nje, akakuta masalia mara 5 hadi 7 kuliko katika nyumba za wasiovuta. Moshi haukuingia kwa dirisha. Uliingia na baba, katika shati lake, katika ndevu zake, katika mikono ile ambayo humnyanyua mtoto mara tu anaporudi ndani.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale nao walichapisha mwaka 2020 vipimo walivyochukua ndani ya ukumbi wa sinema mjini Mainz, Ujerumani, ukumbi ambao sigara zilikuwa zimepigwa marufuku miaka mingi. Kila watazamaji walipoingia, kemikali za sigara zilipanda hewani, zikitoka katika nguo na miili yao. Kwa saa moja, watazamaji walipata kiasi kinacholingana na moshi wa sigara 1 hadi 10 zilizovutwa na mtu wa jirani. Hakuna aliyekuwa amewasha hata kiberiti. Mainz wana ukumbi mkubwa wa sinema. Sisi tuna daladala ya asubuhi, na tuna Misa ya kwanza ya Dominika, ambapo watu watano hukaa katika benchi la watu wanne. Tuna pia kile kisanduku chetu cha kitubio, ambacho ni mbao na pazia zito, na ambamo padre hukaa saa nzima. Mtu asitusome vibaya: yeyote anayekuja kuungama aje, hata akiwa amevuta paketi nzima njiani. Pazia ndilo tutakaloliondoa, tuweke la kufulika.

(Hapa kuna msomaji atakayeuliza, "Na ubani wa altareni je, Padre?" Anauliza kwa haki. Ubani nao ni moshi, na watumishi wetu wa altare hukohoa. Tangu Pasaka madirisha ya juu yanafunguliwa kabla ya kufukiza. Na udi wa yule mama, kwa nia yake njema yote, uliongeza moshi juu ya moshi.)

Tanzania ilitunga sheria ya kudhibiti bidhaa za tumbaku mwaka 2003, na mwaka 2007 iliridhia Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Udhibiti wa Tumbaku. Sheria hiyo inakataza kuvuta katika maeneo ya umma na kumwuzia sigara aliye chini ya miaka 18, ingawa sote tunajua jinsi sigara zinavyouzwa mojamoja katika vibanda vya mitaani, na mtoto akitumwa kuinunua anaipata. Lakini sheria inakomea kizingitini. Chumba cha kupanga ni faragha ya mtu. Mpangaji akivuta miaka kumi na moja, hakuna aliyevunja kitu. Akihama, hakuna anayelazimika kumwambia anayeingia.

Kanisa nalo halikuwa mbele daima katika jambo hili. Papa Urbano VIII alikataza tumbaku katika makanisa ya Jimbo la Sevilla mwaka 1642, lakini hoja yake ilikuwa heshima ya mahali patakatifu, wala haikuwa mapafu ya mtu. Karne mbili baadaye kilijengwa kiwanda cha tumbaku cha Kipapa mjini Roma. Ni Papa Fransisko aliyeamua kwamba kuanzia mwaka 2018 sigara zisiuzwe tena Vatikano, kwa sababu ya afya. Tunayataja haya ili tusije tukajifanya tumesimama mlimani. Wengi wenu pia mmetoka Tabora, Urambo au Songea, mkasomeshwa kwa fedha ya tumbaku, na baba zenu hawakuwa watu wabaya.

Katekisimu, namba 2290, inaitaja tumbaku kwa jina pale inapoonya dhidi ya kupita kiasi, pamoja na chakula, pombe na dawa. Sehemu ya pili ya namba hiyohiyo inawalaumu wale wanaohatarisha maisha ya wengine kwa ulevi au kwa kupenda mwendo wa kasi barabarani. Tumezoea kuiweka sigara katika sehemu ya kwanza: udhaifu wa mtu binafsi, mwili wake, fedha yake. Maoni yetu ni kwamba aliyevuta ndani ya chumba ambamo mtoto atalala, leo au baada yake, yumo pia katika sehemu ya pili.

Lakini andiko lililotuchoma zaidi limo katika kitabu cha Walawi, sura ya 14, ambalo seminarini tulilipita haraka tukidhani ni habari za kale za ukoma. Humo mna sheria ya nyumba ambayo kuta zake zimeingiwa na madoa. Mwenye nyumba ndiye anayetakiwa kwenda kumwambia kuhani, hangoji aulizwe. Kuhani anaagiza vitu vyote vitolewe, kisha anaingia kutazama. Nyumba inafungwa siku saba. Mawe yenye madoa yanang'olewa, kuta zinakwanguliwa ndani pande zote, na kifusi chake kinatupwa nje ya mji. Baadaye tu ndipo inapopakwa upya. Waisraeli walikuwa na kuvu, sisi tuna nikotini. Utaratibu ni uleule: kusema, kutoa, kukwangua, ndipo kupaka. Sisi Kariakoo tunaanza na kupaka, na mara nyingi tunaishia hapo. Na kuhani wa siku ile alikuwa ameitwa ndani, akaona madoa kwa macho yake, akanywa chai.

Wala si pale tu. Katika nyumba yetu ya mapadre kuna chumba cha wageni ambacho kwa miaka mingi kilikaliwa na padre mvutaji, mtu mwema, marehemu sasa. Alipofariki tulipaka rangi, tukaweka shuka mpya, na mgeni wetu wa kwanza alikuwa frateri mwenye pumu. Usiku wa pili aliomba kulala sebuleni. Tulidhani ni mbu.

Basi, tuseme wazi tunachokitaka. Tunataka kila mwamini wetu mwenye nyumba ya kupangisha, na mnajijua kwamba mpo wengi, amwambie mpangaji mpya kama chumba kilivutiwa sigara, kabla hajapokea kodi. Tunataka katika makubaliano, hata yale ya karatasi ya daftari, liandikwe sharti la kutovuta ndani. Na chumba kikishavutiwa, kioshwe kabla ya kupakwa: kuta na dari kwa maji ya moto na sabuni, mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke meupe, siki kidogo katika maji husaidia kuing'oa nikotini. Chokaa ya zamani ikwanguliwe. Mapazia na chandarua vifuliwe. Zulia na godoro la mvutaji haviponi kwa kuanikwa juani, hata mkilianika mwezi mzima. Gharama ipo, tunajua. Bibi mwenye nyumba alituambia hivyo tuliporudi.

Ndiyo, tulirudi, juma la pili la Pasaka. Tulimwamkia shikamoo, akatuitikia, akatukaribisha kiti ukumbini. "Mie nilipaka chokaa, Baba," alisema. "Kodi yenyewe ndiyo inayoninunulia dawa za presha. Nikianza kuwaambia watu habari za moshi, nani atapanga?" Ni Mwislamu, jirani mwema wa wakristo miaka mingi, na hatukuwa na jibu la kumpa zaidi ya mikono. Jumamosi iliyofuata jumuiya iliahirisha sala ya nyumba kwa nyumba, ikaja na ndoo, brashi na ngazi ya kuazima. Bibi alitoa maji ya kisima chake na sufuria kubwa ya kuyachemshia. Kufikia adhuhuri maji yaliyokuwa yakimwagwa uani yalikuwa bado na rangi ya chai. Alasiri yakawa meupe. Bibi aliyatazama muda mrefu, kisha akasema vyumba vingine viwili navyo vilikuwa na wavutaji.

Godoro lilikuwa gumu zaidi kuliko ukuta. Walikuwa wamelipata bure, nalo lilikuwa nene na zima. Baba wa familia alisimama nalo mlangoni, akilishika kama mtu aliyeombwa kutupa chakula. Wanajumuiya walichanga wakanunua jingine, jembamba zaidi, Mtaa wa Msimbazi. La fundi saa tulilibeba sisi wenyewe na kijana mmoja hadi penye takataka, kona ya mtaa. Tuliporudi uani kuchukua brashi na kurejea, haikupita robo saa, halikuwapo. Hatukuwa tumelichana.